Kutoka Ajabu Hadi Kero: Historia Fupi ya Taa Zilizozimika

Wanahistoria wa visiwa hivi wameandika mengi juu ya masultani, majahazi, karafuu na mapinduzi. Ni wachache walioandika juu ya panka lililosimama usiku wa joto, barafu iliyoyeyuka kabla ya samaki kufika sokoni, au maji yaliyokatika mtu akiwa amekwisha kujipaka sabuni. Mambo hayo huitwa kero, na kero huonekana kuwa jambo dogo lisilostahili kurasa za historia. Lakini kero nayo ina nasaba yake. Mama yake ni mazoea na bibi yake ni ajabu. Kitu huingia mjini kwa jina la ajabu, watu wakakikusanyikia. Hukaa hata kikawa mazoea, asikitazame mtu. Na siku kinapokosekana, ndipo inapozaliwa kero. Katika Zanzibar hakuna kitu kilichoipita njia hiyo kwa ukamilifu kama umeme.

Tuanze na jina lenyewe, kwani lugha mara nyingi hujua mambo kabla ya wenye kuisema. Waswahili walipoletewa nguvu hii mpya, hawakukubaliana juu ya namna ya kuiita. Watu wa Mombasa na Lamu waliita stima, jina lile lile walilolipa meli ya moshi, pengine kwa kuwa vyote viwili vilinguruma na vyote vilitoka kwa wenye mitambo. Watu wa Unguja na Mrima wakaenda kulitafuta neno lao mawinguni, wakaita umeme. Ama umeme wa mbinguni, kila mkulima na kila baharia aujua tabia yake: hupasua giza kwa nukta moja, ukaonyesha kila kitu hadi jani la mwembe, kisha ukaondoka na kuliacha giza likiwa zito zaidi kuliko lilivyokuwa. Aliyelichagua neno hilo hatumjui, wala hakukusudia kutabiri. Hata hivyo, wajukuu zake waliokaa gizani miezi mitatu wangeweza kumwita mtabiri.

Zama za ajabu

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hadi 1888, alikuwa mtu aliyependa mambo mapya. Alileta maji mjini kwa mifereji kutoka chemchemi za nje ya mji, na watu waliozoea kuteka visimani wakaona maji yakija kwao wenyewe. Ama kuhusu taa, historia inayohifadhiwa na kampuni ya umeme ya Kenya yasimulia kuwa mwaka 1875 sultani huyo alijipatia jenereta ya kuangazia kasri lake na njia zilizo jirani. Mwaka 1883 likajengwa Beit al-Ajaib, jumba la nguzo za chuma na baraza pana lililoelekea bahari. Humo mlikuwa na taa za umeme na lifti, vitu ambavyo wakati ule vilikuwa havijaonekana mahali pengi popote katika Afrika ya Mashariki. Wenyeji hawakuliita jumba hilo kwa jina la mfalme wala la ushindi wa vita. Waliliita Nyumba ya Maajabu, na jina likashika.

Jenereta ile ya sultani haikuishia Unguja. Kwa mujibu wa historia hiyo hiyo, mwaka 1908 ilinunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na kutokana nayo ikaanzishwa kampuni ya kuusambazia umeme mji wa Mombasa. Mwaka 1922 kampuni hiyo na ya Nairobi zikaunganishwa kuwa East African Power and Lighting Company. Hivyo mtambo mmoja ulionunuliwa kuangazia baraza za mfalme wa kisiwani ukahesabiwa kuwa bibi wa umeme wa Kenya nzima. Kila anayenung'unika Mombasa kwa kukatika stima ananung'unikia, kwa njia ndefu, mrithi wa taa za Barghash.

Katika zama hizo neno kero halikuwa na nafasi. Taa ilikuwa ya kasri na ya majirani wa kasri. Ng'ambo, mashamba na Pemba watu waliishi kwa kibatari, kandili na karabai, na giza la usiku lilikuwa sehemu ya maumbile kama maji kupwa na kujaa. Mtu hakerwi na kukosekana kwa kitu ambacho hakikuwahi kumfikia. Huenda akakitamani, huenda akakihusudu. Kukerwa ni jambo la aliyekwisha kuonja.

Tena watu wa wakati ule walikuwa na ustadi wao wa kuishi na giza. Mafuta ya kandili yalipimwa, utambi ulikatwa, chemni ilifutwa kwa kitambaa kabla ya Magharibi. Hadithi zilitolewa gizani kwa kuwa giza ndilo lililokuwa ukumbi wake. Mashairi na tenzi zilihifadhiwa kifuani, mahali ambapo hapahitaji taa ya kusomea. Wahenga walionya kuwa mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Lakini msala ulipokuja haukuonekana kuwa wa kupita.

Zama za mazoea

Kwa miaka mingi Unguja ilijizalishia umeme wake kwa mitambo ya mafuta. Mwaka 1980 ulilazwa waya chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa Bara hadi Fumba upande wa Unguja, wenye uwezo wa kupitisha kiasi cha megawati 45. Tangu siku hiyo taa ya Unguja haikutegemea tena pipa la mafuta lililoshushwa bandarini. Ilitegemea maji ya Mto Ruaha Mkuu, yaliyozungusha mitambo ya Kidatu mkoani Morogoro, na kwa hiyo ilitegemea mvua za nyanda za juu ambazo wengi wa wakaazi wa Kizimkazi au Nungwi hawajapata kuziona zikinyesha.

Baada ya hapo umeme ulitoka mjini ukaingia mashamba. Kuanzia mwaka 1984 ulitekelezwa mradi wa umeme vijijini kwa msaada wa Norwei, kijiji baada ya kijiji. Uroa, katika pwani ya mashariki ya Unguja, ilifikiwa mwaka 1990. Mwanaanthropolojia wa Kinorwei, Tanja Winther, alikaa katika kijiji hicho kwa vipindi mbalimbali akichunguza umeme ulivyoingia katika maisha ya watu, na mwaka 2008 akatoa kitabu juu ya mambo aliyoyaona. Umuhimu wa kazi yake ni kwamba hakuhesabu nguzo na mita tu. Aliangalia nani hununua televisheni na nani hukaa mbele yake, saa za kulala zilivyosogea, maji ya bomba yalivyowapunguzia wanawake safari za kisimani, na kwa nini jiko la umeme halikukubalika kirahisi hali taa ilikubalika mara moja. Wali uliopikwa kwa kuni ulikuwa na ladha yake, na ladha haikuwa tayari kutawaliwa na waya.

Hivyo ndivyo ajabu ilivyogeuka mazoea. Panka likawa sehemu ya dari. Friji likaingia katika hesabu ya mvuvi, na ice cream katika hesabu ya mama wa nyumbani anayewauzia watoto wa skuli. Pampu za maji zikafungwa katika visima vikubwa, na visima vidogo vya mitaa vikaachwa, vingine vikafukiwa. Kandili ikapandishwa juu ya kabati, kisha ikauzwa kwa watalii waliotaka kitu cha zamani. Hakuna aliyetangaza kuwa kisiwa kizima kimejifunga kwa kamba moja iliyolala chini ya bahari. Mazoea hayana tangazo.

Zama za kero

Usiku wa tarehe 21 Mei 2008 taa za Unguja zilizimika zote kwa pamoja. Mwanzoni hapakuwa na mshangao, kwani kukatika kwa umeme kulikuwa jambo la kawaida. Ukame wa mwaka 2006 ulikwisha kuizoesha nchi nzima mgao. Watu walisubiri kama walivyozoea kusubiri. Ikapita saa moja, ukapita usiku, ikapita wiki. Hitilafu ilikuwa katika ile njia ya waya wa baharini, ambao wakati huo ulikuwa na umri wa miaka 28, na hapakuwa na njia ya pili. Umeme ulirudi tarehe 18 Juni, baada ya wiki nne.

Kilichofuata ni somo la jinsi kero moja inavyozaa nyingine. Pampu zilisimama, maji yakakatika. Madumu yakarudi vichwani na safu zikarudi penye visima vilivyosalimika. Barafu ilikosekana, na mvuvi aliyerudi alfajiri na samaki wengi akalazimika kuuza kwa bei ya hasara kabla ya jua kupanda. Fundi cherehani wa umeme, kinyozi, mchomeleaji na mwenye duka la vinywaji baridi walikaa vibarazani na mikono yao mitupu. Simu, kifaa kilichokuwa kipya mikononi mwa wengi, ilihitaji kutafutiwa mahali penye jenereta ili ijazwe chaji kwa malipo. Mishumaa na mafuta ya taa yakapanda bei. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi: wauzaji wa jenereta hawakulalamika.

Kisiwa cha Pemba hakikuguswa, kwa sababu hakikuwa katika waya ule. Kilikuwa kikipata umeme wake kutoka mitambo ya mafuta ya Wesha, mitambo ambayo Wapemba waliilaumu miaka mingi kwa udhaifu wake. Kwa wiki nne hizo kisiwa kilichodhaniwa kuwa nyuma kilikuwa na taa, na kile cha mbele kilikuwa gizani.

Kisha, kabla watu hawajamaliza kusimulia ya mwaka 2008, waya ukashindwa tena Desemba 2009, na safari hii giza likadumu hadi Machi 2010. Miezi mitatu ni muda wa kutosha mtu kusahau mahali ilipo swichi. Februari 2010 lilifanyika tamasha la Sauti za Busara katika Mji Mkongwe, na muziki wa jukwaani ukaenda sambamba na mngurumo wa jenereta. Usiku wa mji ule uligawanyika wazi katika sehemu mbili: penye kelele na taa, na penye kimya na giza. Hoteli ilijulikana kwa ngurumo yake, na nyumba ya maskini kwa kibatari chake.

Mizani ya kero

Hapa ndipo inapofaa kuuliza swali ambalo neno kero hulificha. Kero hugawanywa kwa mizani gani? Mtu mmoja husema umeme umekatika na maana yake ni kwamba hakuona mwisho wa mchezo wa kuigiza. Mwingine husema maneno hayo hayo na maana yake ni kwamba watoto hawatakula kesho. Lugha huwapa wote wawili neno moja, na kwa sababu hiyo yule wa pili husikika kama analalamikia jambo dogo.

Mchumi Alfredo Burlando alichunguza athari za giza la mwaka 2008 kwa kutumia kumbukumbu za uzazi za Zanzibar, akatoa matokeo yake mwaka 2014. Jambo la kwanza aliloliona liliwachekesha wengi: kati ya miezi minane na kumi baada ya giza, idadi ya watoto waliozaliwa iliongezeka. Ongezeko hilo lilionekana katika vijiji vyenye umeme, hata vile ambavyo ni nyumba chache tu zilizounganishwa. Katika vijiji visivyokuwa na umeme kabisa hapakuwa na badiliko lolote. Maelezo si magumu. Televisheni ya kijiji ni ya watu wengi, na ikizimika, wengi hurudi nyumbani mapema. Visivyokuwa na umeme havikupoteza kitu. Usiku wao ulikuwa ule ule.

Jambo la pili halichekeshi. Wafanyakazi ambao kazi zao zilitegemea umeme walipoteza saa nyingi za kazi na sehemu kubwa ya kipato kwa mwezi ule, na watoto waliokuwa tumboni wakati huo walizaliwa wakiwa na uzito pungufu. Fundi alikosa kazi, mke wake mjamzito akapunguza chakula, na mtoto akaja duniani akiwa amebeba deni la waya uliokatika kabla hajazaliwa. Mtoto huyo hakujua kama umeme upo. Hakuizoea taa wala hakuikosa. Hata hivyo, katika kisiwa kizima, huenda yeye ndiye aliyelipa bei ya juu kuliko wote, na malipo yake hayakuitwa kero kwa sababu hakuwa na kinywa cha kulalamikia.

Kwa hivyo si haki kuzipima kero kwa sauti za wanaozisema. Anayesikika sana ni yule mwenye uwezo wa kununua jenereta, kwa kuwa ndiye mwenye simu, gazeti na kiti cha mbele. Historia ikimfuata huyo peke yake, itaandika kuwa mwaka 2008 watu walisumbuka kwa joto.

Kero na siasa za bahari

Neno kero lilipata pia cheo cha kisiasa. Katika Tanzania husemwa kero za Muungano, kwa maana ya mambo yanayobishaniwa baina ya pande mbili za Jamhuri, na tangu mwaka 2006 serikali mbili zimekuwa na vikao rasmi vya kuyajadili. Bei ya umeme ambayo shirika la Bara huliuzia shirika la Zanzibar imekuwa miongoni mwa mijadala hiyo. Mwezi Machi 2017 Rais John Magufuli aliagiza wadaiwa wote wa umeme wakatiwe bila kujali vyeo vyao, na deni la Zanzibar lilitajwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 120. Umeme haukukatwa, lakini kwa siku kadhaa watu wa Unguja walikumbuka vibatari vyao kwa namna nyingine. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wahenga walisema. Na hapakuwa na waliokubaliana ni nani hasa katika kadhia ile aliyekuwa ndugu na nani aliyekuwa mtegemezi.

Mafundisho ya giza hayakupotea yote. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa kwa waya kutoka Tanga. Mwaka 2013 ulizinduliwa waya wa pili wa Unguja, wenye uwezo wa megawati 100, kwa fedha za msaada wa Marekani. Mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lililojengwa kufikia uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme katika gridi. Ikawa mvua ya Bara inamulika visiwa kwa nguvu zaidi kuliko zamani, na visiwa vinaitegemea zaidi kuliko zamani. Ndani ya nyumba nako kero ilibadilika sura. Mita za malipo ya kabla, Tukuza kwa Zanzibar na Luku kwa Bara, ziliondoa ankara ya mwisho wa mwezi zikaleta namba ndefu za kubonyeza, na mlio wa kuonya kwamba salio linakwisha. Tangu hapo giza likawa na milango miwili: hitilafu ya shirika, au mfuko mtupu wa mwenye nyumba. Giza la kwanza hulaaniwa barazani kwa sauti. La pili mtu hulificha kama aibu, akasema amelala mapema.

Kazi iliyobaki kwa washairi

Taarabu inaweza kutoa ushahidi katika jambo hili. Udi, kanuni, fidla na dumbaki havina waya. Vikundi kongwe kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, vilikuwa na muziki wao kabla ya taa kufika katika nyumba za wengi. Taarabu ya kisasa iliyoshamiri katika miaka ya 1990 ilikuja na kinanda cha umeme, gitaa la umeme na vipaza sauti vikubwa. Ikawafikia watu wengi zaidi, ikachezwa zaidi, na ikajifunga katika kamba ile ile ya baharini. Hapa hakuna sababu ya kumsifu mmoja na kumlaumu mwingine. Kilichopo ni hesabu ya kuijua: kila kinachopata sauti kubwa kwa msaada wa waya hunyamaza siku waya unaponyamaza.

Ushairi nao hauna waya. Hutungwa gizani na huhifadhiwa gizani. Kwa sababu hiyo washairi ndio waliokuwa na nafasi bora kuliko wote ya kuandika habari za miezi ile: bei ya mshumaa, safu ya madumu, mvuvi na samaki wake, mama mjamzito aliyejinyima. Rekodi za mashirika huandika saa umeme ulipokatika na saa uliporudi. Kilichopita katikati hubaki kwa watu, na watu hufa nacho wasipokitunga.

Beit al-Ajaib, mama wa taa zote hizi, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Kuta zilizosimama zaidi ya miaka 130 zilichoka polepole, kwa nyufa ambazo wapitaji wa Forodhani walizizoea hata wakaacha kuziona. Pengine hiyo ndiyo kazi ya kero ndogo katika maisha ya binadamu. Taa inayofifia, bomba linalokoroma, ukuta unaodondosha chokaa: kila kimoja ni mjumbe anayebisha hodi kwa upole kabla ya mwenye msiba kuja. Anayemfukuza mjumbe kwa kuwa anamkera hatapata habari mapema; na mjumbe aliyefukuzwa mara nyingi huacha kubisha.